Nusu na Theluthi Si Mbili ya Tano: Kinachowatatiza Watoto katika Somo la Sehemu

Wanafunzi wa madarasa ya kati ya shule ya msingi wiki hii wamekuwa wakijifunza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani zisizolingana namba za chini ya mstari, na katika madaftari mengi yanayorudi nyumbani lipo jibu moja lililotiwa alama ya kosa: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha namba za juu, moja na moja zikawa mbili. Akajumlisha namba za chini, mbili na tatu zikawa tano. Kisha akaandika jibu bila wasiwasi wowote. Mzazi anayeliona jibu hilo hukimbilia kumwonyesha njia: tafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili za chini, badilisha sehemu zote mbili, jumlisha za juu, ya chini uiache ilivyo. Mtoto huifuata njia hiyo, hupata 5/6, na wote wawili huridhika. Baadaye darasa linapofika kwenye kuzidisha, ambako namba za chini huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, njia hizo huchanganyika kichwani mwake, na 2/5 hurudi pale pale ilipokuwa.

Kosa hili halitokani na uvivu wala kutosikiliza. Mtoto anaiona sehemu kama namba mbili zilizotenganishwa kwa mstari, ilhali sehemu ni namba moja, yenye ukubwa wake na mahali pake miongoni mwa namba nyingine. Karibu kila jambo linalowasumbua wanafunzi katika somo hili lina mzizi huo, na ndiyo maana kuwapa kanuni nyingine ya kukariri hakuwasaidii kwa muda mrefu. Tulitazame tena jibu la 2/5. Nusu ni sawa na 5/10, na 2/5 ni sawa na 4/10. Mtoto ameanza na nusu, akaongeza kitu juu yake, akaishia na kilicho kidogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Anayeiona 2/5 kama namba moja yenye ukubwa angeshtuka mara moja na kurudi kutafuta alipokosea. Anayeona 2 na 5 hana cha kumshtua, kwa sababu mbili kweli ni moja na moja, na tano kweli ni mbili na tatu.

Tatizo hili ni la zamani na halichagui nchi. Mwaka 1978, katika mtihani wa kitaifa wa kupima maendeleo ya elimu nchini Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie, bila kufanya hesabu kamili, jibu la 12/13 + 7/8 liko karibu na namba ipi kati ya 1, 2, 19 na 21. Sehemu ya kwanza imepungukiwa na kipande kimoja chembamba tu kufikia moja, na ya pili vivyo hivyo, kwa hiyo jumla yake haiwezi kuwa mbali na mbili. Asilimia 24 tu ndio waliochagua 2. Wengi zaidi walichagua 19, ambayo ni 12 na 7, au 21, ambayo ni 13 na 8. Hao walikuwa watoto waliokwisha kufundishwa sehemu kwa miaka kadhaa, na wengi wao huenda wangeweza kutafuta kigawe cha shirika kama wangeambiwa wafanye hivyo. Walichokikosa ni hisia ya ukubwa wa namba iliyokuwa mbele yao.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linakuwa gumu hivyo, ni lazima kukumbuka mtoto anaingia kwenye somo la sehemu akiwa na nini. Kwa miaka mitatu au minne amejifunza namba nzima, na amejifunza vizuri. Anajua kwamba 8 ni kubwa kuliko 4, kwamba baada ya 3 inafuata 4 na katikati yake hakuna kitu, kwamba kila namba ina namna moja ya kuiandika, kwamba kuzidisha huongeza na kugawanya hupunguza. Hakuna hata moja kati ya hayo alilofundishwa vibaya. Lakini anapoingia kwenye sehemu, yote yanageuka kwa mpigo. Moja ya nane inakuwa ndogo kuliko moja ya nne. Baada ya 1/2 hakuna sehemu inayofuata, kwa sababu kati ya sehemu mbili zozote, hata zikikaribiana namna gani, daima kuna nyingine, na kati ya hizo nyingine zaidi, bila kikomo. Nusu inaandikwa 1/2, 2/4, 3/6, 50/100, na zote ni namba ile ile. Ukizidisha 8 kwa 1/2 unapata 4, na ukigawanya 8 kwa 1/2 unapata 16. Kwa hiyo mtoto anayesema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 hajasahau alichofundishwa. Anakitumia kwa uaminifu mahali ambapo hakifai tena, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwa maneno ya wazi kwamba hapa sheria zimebadilika.

Kosa la 2/5 lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo hata watu wazima wengi hawajaliona. Chukua mtoto anayerusha mpira kwenye goli. Katika mzunguko wa kwanza anarusha mara 2 na kufunga 1. Katika mzunguko wa pili anarusha mara 3 na kufunga 1. Kwa jumla amefunga mara ngapi? Amefunga 2 kati ya 5. Hapo kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ni sahihi kabisa, na mtoto aliyewahi kuhesabu mabao kwa namna hiyo ana kila sababu ya kuiamini njia hiyo. Tena, ukijumlisha sehemu mbili zisizolingana kwa njia hiyo, jibu huangukia kati ya zile mbili: 2/5 ni kubwa kuliko 1/3 na ndogo kuliko 1/2, kama ambavyo ufungaji wa jumla wa mrushaji huwa kati ya mzunguko wake mbaya na mzunguko wake mzuri. Mtoto, bila kujua, amefanya kitu kinachofanana na kutafuta wastani. Amelijibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Tofauti ya maswali hayo mawili iko kwenye kizima. Katika kurusha mpira, nusu ni nusu ya mirusho 2 na theluthi ni theluthi ya mirusho 3. Vizima ni viwili, havilingani, na mwishoni vinaunganishwa kuwa kizima kipya cha mirusho 5. Katika 1/2 + 1/3 kizima ni kimoja tu: nusu ya kitu na theluthi ya kitu hicho hicho, au cha ukubwa huo huo. Hapa ubao wenyewe wakati mwingine humpotosha mtoto. Mwalimu huchora mstatili uliogawanywa vipande 2 na kutia rangi kimoja, pembeni yake huchora mwingine uliogawanywa vipande 3 na kutia rangi kimoja, halafu huandika alama ya kujumlisha katikati. Mtoto anayehesabu anaona vipande 5, viwili vina rangi. Mchoro umemwambia 2/5, kisha mwalimu anamwambia amekosea. Swali linaloweza kuzuia mkanganyiko huo ni fupi, na linafaa kuulizwa kila mara sehemu inapotajwa: ni sehemu ya kitu gani?

Kizima kikishajulikana, kazi ya kila namba katika sehemu inaeleweka kwa urahisi zaidi. Asili, yaani namba iliyo chini ya mstari, inaeleza kizima kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa, na kwa hiyo inaeleza ukubwa wa kipande: asili ikikua, kipande kinapungua. Kiasi, yaani namba ya juu, kinahesabu vipande vya ukubwa huo vilivyochukuliwa. Kwa maneno mengine, asili haihesabiwi. Ni jina la kitu kinachohesabiwa. Robo mbili na robo moja ni robo tatu, kama vile mita mbili na mita moja ni mita tatu, na hakuna anayefikiria kujumlisha mita kwa mita ili apate kipimo kipya. Mtoto anayelisikia jambo hilo kwa sauti, robo mbili na robo moja, mara chache sana atasema jibu ni tatu ya nane. Anapoliona limeandikwa 2/4 + 1/4 ndipo namba nne zinapomjia machoni na kumvuta azijumlishe zote. Kwa sababu hiyo nadhani watoto wanapaswa kukaa na sehemu kwa maneno na kwa vitu vya kushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kabla ya maandishi ya namba juu ya namba kuchukua nafasi yote.

Sasa nusu na theluthi. Haviwezi kuhesabiwa pamoja moja kwa moja kwa sababu ni vipande vya ukubwa tofauti, na ukisema una vipande viwili hujasema una kiasi gani. Chukua karatasi, ikunje mara moja katikati kwa wima upate nusu mbili. Ifungue, kisha ikunje kwa ulalo katika sehemu tatu zilizo sawa. Ukiifungua tena utakuta visanduku 6. Nusu ya karatasi ina visanduku 3 na theluthi ya karatasi ina visanduku 2. Vipande sasa vina ukubwa mmoja, vinaweza kuhesabiwa pamoja, na ni 5 kati ya 6. Kutafuta asili inayolingana hakukuletwa na kitabu wala na mwalimu. Ni hitaji la hesabu yenyewe, kwamba kabla ya kuhesabu vitu pamoja lazima kwanza viwe vya aina moja.

Asili hiyo ya pamoja si lazima iwe ndogo kuliko zote. Mtoto aliyechagua 12 atapata 6/12 na 4/12, jumla 10/12, na hajakosea hata kidogo. 10/12 na 5/6 ni namba moja. Mwanzoni kabisa mwa somo, kumlazimisha mtoto atafute kigawe kidogo cha shirika ni kumtwisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na mara nyingi lile la vigawe humeza lile la sehemu. Kuzidisha asili mbili zenyewe kwa zenyewe kunatosha hadi wazo likomae; kutafuta iliyo ndogo kuliko zote ni suala la kupunguza kazi ya mkono, na linaweza kusubiri.

Anayedhani watoto wanachelewa kuelewa jambo jepesi angefaidika kujua jinsi wanadamu walivyohangaika nalo. Wamisri wa kale waliandika karibu sehemu zote kwa kutumia sehemu zenye kiasi cha moja tu, wakiwa na alama ya pekee kwa theluthi mbili. Katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna jedwali refu linaloonyesha jinsi ya kuandika mbili iliyogawanywa kwa kila namba witiri kuanzia 3 hadi 101 kama jumla ya sehemu za namna hiyo: mbili ya tano, kwa mfano, iliandikwa kuwa 1/3 na 1/15. Wababeli walikwenda njia nyingine kabisa. Walikikata kila kizima vipande 60, na kila kipande vipande 60 vingine, hivyo sehemu zao nyingi zilikuwa na asili moja tangu mwanzo. Athari ya uamuzi wao bado iko kwenye saa, na saa inalijibu swali letu papo hapo: nusu saa ni dakika 30, theluthi ya saa ni dakika 20, jumla ni dakika 50, ambazo ni tano ya sita ya saa. Mbili ya tano ya saa ni dakika 24, hata nusu saa haijafika. Uandishi tunaoufundisha leo, wa namba juu ya namba na mstari kati yake, ulipitia mikono mingi: Wahindi waliweka kiasi juu ya asili bila mstari, mstari ukaongezwa na wanahisabati walioandika kwa Kiarabu, na Ulaya ikausoma katika kitabu cha Fibonacci, mwanahisabati wa Italia, mwaka 1202. Ni uandishi wa kifupi na wenye nguvu kubwa, lakini unaficha mengi, na mtoto anaupokea wote kwa mkupuo ndani ya kipindi kimoja.

Chombo ninachokiamini kuliko vingine vyote katika somo hili ni mstari wa namba. Michoro ya duara zilizokatwa vipande inafaa kwa kuanzia, ila ina kasoro mbili. Kwanza, inamfundisha mtoto kwamba sehemu daima ni kipande cha kitu, na hapo 5/4 inakuwa upuuzi, kwani utachukuaje vipande vitano kutoka kwenye vinne? Pili, inamwachia mtoto ahesabu vipande bila kuuliza ukubwa wake. Kwenye mstari wa namba, umbali kutoka 0 hadi 1 ndio kizima, na hakiwezi kubadilika katikati ya hesabu. Unaugawa umbali huo mara nne, unahesabu hatua za robo, na hatua ya tano inapita 1 na kutua kwenye 5/4 bila ajabu yoyote. Mtoto anaona 1/2, 2/4 na 3/6 zikitua kwenye nukta ile ile, na kwa hiyo anaelewa kwamba kuzidisha juu na chini kwa 2 hakukuikuza sehemu: vipande vimekuwa vingi mara mbili, na kila kimoja kimekuwa nusu ya kilivyokuwa. Anaona pia kwamba sehemu na namba nzima zinakaa kwenye mstari mmoja, yaani zote ni namba. Utafiti wa mwanasaikolojia Robert Siegler na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia kumbukumbu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, uligundua kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya alio nao mtoto wa miaka 10 ulitabiri uwezo wake katika aljebra na hisabati kwa jumla miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia akili yake, ujuzi wake mwingine wa hesabu, na kipato cha familia. Kwa maoni yangu hilo linatosha kutufanya tulipe somo hili muda linaoutaka.

Kuzidisha kunafuata, na kimahesabu ni kwepesi kuliko kujumlisha, jambo ambalo huwashangaza wazazi. Nusu ya robo tatu ni 1/2 × 3/4, jibu ni 3/8, na karatasi ile ile iliyokunjwa inalionyesha: ikate nne kwa wima, tia rangi tatu, kisha ikunje katikati kwa ulalo, visanduku 3 kati ya 8 ndivyo vilivyo na rangi katika nusu ya juu. Asili zinazidishwa kwa sababu kila kipande kimekatwa tena. Kinachohitaji kusemwa wazi ni kwamba jibu limekuwa dogo kuliko 3/4 kwa kuwa tumechukua nusu yake tu, na kwamba kuzidisha huongeza pale tu tunapozidisha kwa kilicho zaidi ya moja.

Kugawanya ndiko kunakowashinda wengi, wakiwemo walimu. Kanuni inajulikana na wote waliopita shuleni: pindua sehemu ya pili, kisha zidisha. Ni nadra kumpata anayeweza kueleza kwa nini. Liping Ma, mtafiti wa ufundishaji wa hisabati, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999, aliwaomba walimu wa shule za msingi wakokotoe 1 na 3/4 kugawanya kwa 1/2, kisha watunge habari inayolingana na hesabu hiyo. Walimu wote 72 wa China walipata jibu sahihi, ambalo ni 3 na nusu. Kati ya walimu 23 wa Marekani, ni 9 tu waliokamilisha hesabu na kupata jibu sahihi, na mmoja tu ndiye aliyeweza kutunga habari iliyofaa. Wengi wa waliojaribu kutunga habari walieleza kugawanya kwa 2, yaani kugawa kitu kwa watu wawili, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kugawanya kwa nusu.

Kugawanya kuna maana mbili, na namba nzima hutuwezesha kuishi na moja tu bila kugundua upungufu. Maana ya kwanza ni kugawana: vitu 12 kwa watoto 3, kila mmoja anapata vingapi? Maana ya pili ni kupima: katika 12 mna 3 ngapi? Kugawana na watu nusu hakuna maana, kwa hiyo mtoto anayeijua maana ya kwanza peke yake anakwama. Maana ya pili inafanya kazi papo hapo. Katika mita 1 na robo tatu za kamba mna vipande vingapi vya nusu mita? Vipande vitatu, na kinabaki cha robo mita, ambacho ni nusu ya kipande. Jibu ni 3 na nusu, na ni kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo kwa sababu tumehesabu kwa kipimo kidogo. Kutoka hapo, kugawanya sehemu zozote kunaweza kufanywa kwa wazo lile lile la kujumlisha: fanya vipande viwe vya ukubwa mmoja, kisha hesabu. Katika 3/4 kugawanya kwa 2/3, badilisha ziwe 9/12 na 8/12. Sasa swali ni vipande 9 vina vipande 8 mara ngapi, na jibu ni 9/8. Vipande vya kumi na mbili vimekwisha kufanya kazi yake na havihitajiki tena.

Kupindua nako kuna sababu yake. Tujiulize kwanza: katika 1 mna 2/3 ngapi? Ipo moja nzima, na inabaki theluthi moja, ambayo ni nusu ya theluthi mbili. Kwa hiyo ndani ya 1 mna 2/3 mara moja na nusu, yaani mara 3/2. Ikiwa ndani ya 1 inaingia mara 3/2, ndani ya 2 itaingia mara mbili ya hizo, na ndani ya 3/4 itaingia robo tatu ya hizo: 3/4 × 3/2, jibu 9/8. Sehemu iliyopinduliwa ni jibu la swali la ni mara ngapi inaingia ndani ya moja. Mtoto akilipata hilo hata mara moja, kwa mfano mmoja aliouchora mwenyewe, kanuni inaacha kuwa mazingaombwe, na hata akiisahau anaweza kuitafuta tena.

Kwa mzazi anayekaa na daftari la mtoto wiki hii, ningependekeza ayachunguze majibu yenye kosa kwa makini kuliko yale yenye alama ya vema, kwa sababu makosa mawili yanayofanana yanaweza kuwa na vyanzo vinavyopingana. Mtoto anayesema 3/8 ni kubwa kuliko 1/2 huenda anatazama kwamba 3 na 8 zote ni kubwa kuliko 1 na 2. Bado yuko kwenye namba nzima. Anayesema 1/2 ni kubwa kuliko 3/4 ameshajifunza kwamba asili ndogo ina maana ya kipande kikubwa, akalishika wazo hilo kupita kiasi na kukisahau kiasi. Huyu wa pili yuko mbele ya yule wa kwanza, ingawa wote wamepata sifuri. Yuko pia anayesema 5/6 na 7/8 zinalingana kwa kuwa kila moja imepungukiwa na kipande kimoja. Anahitaji kuulizwa tu kipande kipi kati ya hivyo viwili vilivyopungua ni kikubwa, na akijibu moja ya sita, mwenyewe atagundua kwamba 7/8 ndiyo iliyo karibu zaidi na moja. Kabla ya hesabu yoyote ya kuandika, swali la kama jibu litazidi nusu, au litazidi moja, humlazimisha mtoto aitazame kila sehemu kama kitu kimoja, na haligharimu chochote.

Somo linalofuata katika mitaala mingi ni desimali, na hapo makosa yale yale hurudi katika sura mpya. Desimali ni sehemu ambazo asili zake ni 10, 100, 1,000 na kuendelea, zikaandikwa kwa namna inayozificha asili hizo; mwanahisabati Simon Stevin ndiye aliyezieneza Ulaya kwa kijitabu alichokichapisha mwaka 1585, akitaka wapima ardhi na wafanyabiashara waepukane na usumbufu wa kusawazisha asili. Unafuu huo ni wa kweli, ila unamjia mtoto pamoja na mitego yake. Yupo atakayesema 0.25 ni kubwa kuliko 0.3 kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 3, na yupo atakayesema 0.3 ni kubwa kuliko 0.45 kwa sababu vipande vya kumi ni vikubwa kuliko vipande vya mia. Wa kwanza amerudi kwenye namba nzima. Wa pili ameitazama asili akakisahau kiasi, kama yule aliyeipa 1/2 ushindi dhidi ya 3/4. Wengine huandika 1/4 kuwa 1.4, wakidhani nukta ni mstari wa sehemu uliolazwa. Kabla ya kuanza kupanga nukta chini ya nukta, ni vizuri kila mtoto apewe mstari wenye 0 na 1 kwenye ncha zake, aombwe aziweke 1/4, 0.25 na 0.3 mahali pake, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini mbili kati ya hizo zimeangukia nukta moja na ya tatu ikasogea kidogo mbele yake.